Ugomvi wa Majirani na Gharama Yake kwa Pwani ya Kilifi

Kaunti ya Kilifi haipakani na Somalia. Baina yake na mpaka wa Kiunga kuna Mto Tana, kuna Lamu na visiwa vyake, na kuna msitu wa Boni uliotanda pande zote mbili za mpaka. Hata hivyo, tangu Kenya ipate uhuru, kila mara serikali za Nairobi na Mogadishu zilipokosana, na kila mara Mogadishu ilipokosa serikali yenye nguvu, msukosuko huo ulishuka kusini kwa barabara na kwa bahari hadi ukawafikia wakazi wa Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa, ambao hawakuwa na sauti katika ugomvi wenyewe. Kwa kawaida ghasia hizo huelezwa kwa sababu mbili tu, yaani itikadi kali ya dini na ufukara wa vijana, na sababu hizo zina uzito wake. Lakini iko ya tatu isiyotajwa mara kwa mara, nayo ni kwamba majirani wawili wasioaminiana hufichana habari, hushindania watu wa mpakani, na mwishowe humwachia adui yao wote wawili nafasi ya kupita katikati.

Chanzo cha kutoaminiana huko ni cha zamani kuliko kundi lolote la wapiganaji lililopo leo. Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, bendera yake ilikuwa na nyota yenye pembe tano, kila pembe ikisimamia eneo moja linalokaliwa na Wasomali, na mojawapo ya maeneo hayo lilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Waingereza waliiacha ndani ya Kenya. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1967 wapiganaji waliotaka kujiunga na Somalia, walioitwa shifta na serikali ya Kenya, walipigana na majeshi ya Nairobi huku wakipata silaha, mafunzo na sauti ya redio kutoka Mogadishu. Kenya nayo ilifunga mkataba wa ulinzi na Ethiopia, iliyokuwa na mgogoro wake na Somalia juu ya Ogaden. Vita hivyo vilipunguzwa makali mjini Arusha mwaka 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi, lakini kwa watu wa pwani hasara ilikuwa imekwisha kuingia: Wabajuni wa vijiji vya bara kaskazini ya Lamu walikimbia mashambulizi, wakaacha mashamba na misikiti, na wengi wao wakaja kuanza maisha upya Malindi na Mombasa. Hilo ndilo somo la kwanza ambalo pwani ililipata mapema, kwamba dola inaweza kuwatumia watu wenye silaha kama chombo cha siasa ya nje, na kwamba hasara ya siasa hiyo hulipwa na wanavijiji.

Idara za ujasusi ziliingia katika historia hii mapema vilevile, na inafaa kueleza kazi yake ni nini. Ujasusi ni ukusanyaji wa habari za siri, uchambuzi wake, na ufikishaji wake kwa wanaoamua. Si kazi ya kukamata wala ya kushtaki, ambayo ni ya polisi na mahakama. Kenya ilirithi kutoka kwa wakoloni kitengo cha polisi kilichojulikana kama Special Branch, ambacho kwa miaka mingi kiliwaangalia wapinzani wa serikali kwa jicho kali kuliko kilivyowaangalia maadui wa nje. Mwaka 1998 sheria mpya ilikitenga kitengo hicho na polisi kikawa idara ya kiraia, na tangu mwaka 2012 chombo hicho kinaitwa Idara ya Taifa ya Ujasusi, kwa kifupi NIS. Upande wa pili, utawala wa Siad Barre ulikuwa na idara yake ya usalama iliyoogopwa sana, lakini serikali hiyo ilipoanguka Januari 1991 idara nayo ilikufa pamoja nayo, na chombo cha sasa, kiitwacho NISA, hakikuundwa hadi mwaka 2013. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 20 Kenya ilipakana na nchi isiyokuwa na mtu wa kupigiwa simu. Hapakuwa na mwenzake wa kumwuliza ni mashua gani imeng'oa nanga Kismayu, wala ni nani aliyevuka mpaka wa Ras Kamboni usiku.

Kilifi iligundua uzito wa pengo hilo tarehe 28 Novemba 2002. Asubuhi ya siku hiyo gari lililosheheni baruti liliendeshwa hadi mlangoni mwa hoteli ya Paradise, Kikambala, iliyokuwa ikipokea watalii kutoka Israel, na wakati uleule makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya Israel iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, yakaikosa. Hotelini walikufa Wakenya 10 na Waisraeli watatu, mbali na washambuliaji wenyewe, na miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma wa Kigiriama waliokuwa wamesimama kuwakaribisha wageni. Katika ulimwengu tukio hilo linakumbukwa kama shambulio la Al-Qaeda dhidi ya Israel, lakini sivyo lilivyoonekana Kikambala, ambako makaburi mengi yalikuwa ya watu wa hapo hapo, waliokuwa kazini mwao. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza baadaye kwamba makombora yale yalipitishwa Somalia kabla ya kuingizwa Kenya kwa njia ya bahari. Mtu aliyetajwa kuwa mpangaji mkuu, Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro, ndiye aliyekuwa akisakwa pia kwa mabomu ya balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998.

Fazul huyo aliendelea kupita baina ya nchi mbili kwa karibu miaka tisa zaidi. Mwezi Agosti 2008 polisi wa Kenya walivamia nyumba alimokuwa akijificha mjini Malindi, wakamkosa kwa muda mfupi tu. Aliuawa Juni 2011 kwenye kizuizi cha barabarani mjini Mogadishu, na askari wa serikali ya Somalia waliompiga risasi hawakumjua ni nani hadi baadaye. Mambo mawili haya yakiwekwa pamoja yanaonyesha hali ilivyokuwa: Kenya ilikuwa na habari bila ya kuwa na mkono wa kufika upande wa pili, na Somalia ilikuwa na mkono bila ya kuwa na habari.

Al-Shabaab, kundi lililochukua nafasi ya mtandao huo wa zamani wa Fazul, lilikua kutoka katika Muungano wa Mahakama za Kiislamu uliotawala Mogadishu mwaka 2006, likapata nguvu na wafuasi baada ya majeshi ya Ethiopia kuingia Somalia mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 2012 likatangaza rasmi kujiunga na Al-Qaeda. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, huko Lamu, na katika kambi za wakimbizi za Dadaab, na katikati ya Oktoba majeshi ya Kenya yakavuka mpaka kwa operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa utekaji nyara. Lakini Nairobi ilikuwa na nia ya siku nyingi ya kupata eneo la kinga kusini mwa Somalia, yaani ukanda ulio chini ya mtu rafiki ambao ungewazuia wapiganaji wasifike mpakani. Kismayu ilitekwa Septemba 2012, na Mei 2013 Ahmed Madobe, kiongozi wa wapiganaji wa Ras Kamboni waliopigana bega kwa bega na Wakenya, akatangazwa rais wa jimbo la Jubaland.

Hapo ndipo ushindani wa kisiasa ulipojipenyeza ndani ya vita dhidi ya wapiganaji, usiweze tena kutengwa navyo. Kwa Nairobi, Madobe alikuwa mlinzi wa mlango. Kwa Mogadishu, hasa katika enzi ya Rais Mohamed Abdullahi Farmaajo kuanzia 2017, alikuwa ni ushahidi kwamba jirani anaigawanya nchi ili aitawale kwa mbali. Madobe alipochaguliwa tena Agosti 2019, Kenya ilikuwa upande wake na Ethiopia ilikuwa upande wa serikali ya shirikisho, ingawa nchi hizo mbili zilikuwa na askari ndani ya kikosi kimoja cha Umoja wa Afrika. Mapema mwaka 2021 mapigano baina ya askari wa serikali ya Somalia na wale wa Jubaland yalizuka Bula Hawa, mji unaotazamana na Mandera. Askari waliotakiwa kuwawinda Al-Shabaab walikuwa wakilengana wao kwa wao.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa bahari. Kenya ilishikilia kwamba mpaka wa baharini unakwenda moja kwa moja mashariki kuanzia pale nchi kavu inapokwisha, na Somalia ikadai kwamba mstari huo ufuate mwelekeo wa mpaka wa nchi kavu kuelekea kusini-mashariki, na baina ya mistari hiyo miwili likabaki pembe la bahari lenye kilomita za mraba zipatazo 100,000, ambalo huaminika kuwa na mafuta na gesi na lenye samaki wengi. Somalia iliifikisha kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Agosti 2014, na hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 ikaipa Mogadishu sehemu kubwa zaidi, hukumu ambayo Kenya iliikataa. Katika miaka hiyo saba uhusiano ulipanda na kushuka: Februari 2019 Kenya ilimwita balozi wake nyumbani ikiishutumu Somalia kwa kunadi vitalu vya mafuta vya eneo lenye mgogoro, na Desemba 2020 Somalia ikavunja uhusiano kabisa baada ya Nairobi kumpokea kiongozi wa Somaliland, Muse Bihi Abdi. Uhusiano ulirejeshwa Mei 2021 kwa upatanishi wa Qatar.

Tarehe hizo zinapowekwa kando ya kisa kimoja cha Kilifi, hasara ya ugomvi inaonekana wazi. Jioni ya tarehe 20 Novemba 2018 watu wenye silaha waliingia Chakama, kituo kidogo cha biashara kilichoko bara ya Malindi karibu na Mto Galana, wakafyatua risasi, wakajeruhi wenyeji wakiwamo watoto, na wakamchukua msichana wa Kitaliano mwenye umri wa miaka 23 aliyekuwa akijitolea kuwasaidia watoto wa hapo. Msako wa Kenya ulielekezwa Tana River na katika msitu wa Boni, na washukiwa watatu wakafikishwa mahakamani Malindi. Msichana mwenyewe, hata hivyo, alikwisha kuvushwa mpaka na kuwekwa mikononi mwa Al-Shabaab, na alishikiliwa kwa muda wa miezi 18, muda ambao sehemu yake kubwa iliangukia katika kipindi ambacho Nairobi na Mogadishu zilikuwa zikisemana kwa mabalozi waliorudishwa makwao na kwa ndege za kutoka Mogadishu zilizolazimishwa kutua Wajir kwanza kabla ya kuingia Nairobi.

Alipoachiliwa Mei 2020 karibu na Mogadishu, sifa zilikwenda kwa idara ya ujasusi wa nje ya Italia, AISE, kwa idara ya ujasusi ya Uturuki, MIT, na kwa NISA ya Somalia. Uturuki ilikuwa na nafasi hiyo kwa sababu ilijijenga Somalia kwa subira: kiongozi wake, Recep Tayyip Erdoğan, alizuru Mogadishu Agosti 2011 wakati wa njaa, ubalozi ukafunguliwa, na Septemba 2017 kambi kubwa ya mafunzo ya kijeshi ikazinduliwa. Nchi iliyoko maelfu ya kilomita kutoka Chakama ikawa na njia ya kufikia habari ambayo jirani wa mlango wa pili hakuwa nayo. Msemaji wa Al-Shabaab alidai kwamba kikombozi kililipwa, serikali ya Italia ikakana. Lakini kwa vyovyote vile, Wakenya waliopigwa risasi siku ile Chakama hawakuwa na idara yoyote ya kigeni ya kuwasemea, na majina yao yalisahaulika upesi katika habari zilizoandikwa Roma na Ankara.

Al-Shabaab, kwa upande wake, ina chombo chake cha ujasusi kiitwacho Amniyat, kilichojengwa na Ahmed Abdi Godane, kiongozi wa kundi hilo aliyeuawa Septemba 2014 katika shambulio la anga la Marekani. Amniyat hukusanya kodi, huwatambua wanaotoa habari kwa serikali, hupenyeza watu wake katika ofisi za umma, na hupanga mashambulizi makubwa. Chombo hicho hakilazimiki kungoja balozi arejee kituoni mwake wala waziri atoe kibali. Kinapita juu ya mpaka kama kwamba haupo, na kwa sababu hiyo kila siku ya mfarakano baina ya dola mbili ni siku ya faida kwake.

Hasara nyingine hutokea pale siasa za ndani zinapochanganywa na hatari ya nje. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 na usiku uliofuata, zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni, katika kaunti ya Lamu, na vijiji vya jirani. Al-Shabaab ilidai kuhusika, lakini Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa akisema kwamba waliopanga mauaji yale ni mitandao ya kisiasa ya wenyeji, na gavana wa Lamu, Issa Timamy, akakamatwa, kisha akaondolewa mashtaka. Mwezi Julai watu wenye silaha walishambulia Hindi na kituo cha polisi cha Gamba, kilichoko kwenye barabara ya Malindi kuelekea Lamu. Tangu wakati huo abiria wa mabasi yanayotoka Malindi wamezoea kusafiri kwa misafara inayosindikizwa na askari, na hata hivyo tarehe 2 Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro, siku tatu kabla ya kambi ya kijeshi ya Manda kuvamiwa na Wamarekani watatu kuuawa. Kikundi kinachodhaniwa kufanya mengi ya hayo, Jeshi Ayman, kilikuwa na Wakenya ndani yake, na kiongozi wake, Maalim Ayman, aliuawa Somalia Desemba 2023.

Kwa Malindi na Watamu, ambako hoteli nyingi na nyumba za wageni hutegemea Wataliano na Waingereza, matukio yote haya hugeuka haraka kuwa suala la ugali. Kwa miaka kadhaa Uingereza iliwashauri raia wake wasiende pwani iliyoko baina ya Mto Tana na Mto Galana, ambao huingia baharini kwa jina la Sabaki kilomita chache kaskazini ya mji wa Malindi. Hoteli inapofungwa hufuata wavuvi waliokuwa wakiuza kamba na nguru jikoni mwake, wachonga vinyago, waendesha boti na wafua nguo, na kijana aliyeachishwa kazi huwa ndiye anayetafutwa na wanaotoa ahadi za mshahara wa dola ng'ambo ya mpaka.

Kijana huyohuyo hutafutwa pia na dola yake mwenyewe, na hapa jambo hili linafikia sehemu yake chungu zaidi. Baada ya Kikambala, Kenya iliunda mwaka 2003 kikosi cha polisi cha kupambana na ugaidi, ATPU, na katika miaka iliyofuata pwani ilishuhudia watu wakichukuliwa na magari yasiyokuwa na alama wasionekane tena. Sheikh Aboud Rogo, aliyeshtakiwa kwa kesi ya Kikambala na kuachiliwa na mahakama mwaka 2005, alipigwa risasi barabarani Agosti 2012, na Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, akauawa Aprili 2014. Hakuna aliyehukumiwa kwa vifo hivyo. Ripoti ya shirika la haki za binadamu la Haki Africa ya Desemba 2016 iliorodhesha visa 81 vya watu wa pwani waliouawa au kutoweka tangu mwaka 2012 mikononi mwa watu waliodhaniwa kuwa maofisa wa usalama. Shirika hilohilo, pamoja na jingine la haki za binadamu liitwalo Muhuri, lilikuwa limefungiwa akaunti zake Aprili 2015 baada ya mauaji ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Garissa, kwa tuhuma za kuhusiana na ugaidi, mpaka Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru zifunguliwe.

Maofisa wengi wa usalama wamefanya kazi yao kwa ujasiri, na wengine wamekufa wakiifanya. Lakini ujasusi huishi kwa habari, na habari huja kwanza kwa mama aliyemwona mwanawe akibadilika, kwa nahodha aliyepakia abiria asiowajua, na kwa imamu aliyesikia maneno mageni baada ya sala. Mtu aliyeona jirani yake akichukuliwa usiku hawezi kutarajiwa kwenda kituoni asubuhi kueleza anachokijua. Ushahidi mwingine wa hilo ulitoka mwaka 2023 katika eneo lilelile la Chakama, pale zaidi ya miili 400 ya waumini wa kanisa moja, wengi wao waliokufa njaa, ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, ingawa wenyeji na jamaa walikuwa wametoa taarifa kabla. Mauaji yale hayakuwa na uhusiano wowote na Somalia. Yalionyesha tu kwamba serikali iliyoutazama ukanda huo kwa miaka mingi kama njia ya magaidi haikuwa imejifunza kuwasikiliza wanaouishi.

Somalia sasa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu Machi 2024, na serikali za Rais William Ruto na Rais Hassan Sheikh Mohamud zimezungumza kwa lugha ya upole kuliko zilizotangulia. Hata hivyo mpango wa kufungua vituo vya mpakani, uliotangazwa Mei 2023, uliahirishwa Julai baada ya mfululizo wa mashambulizi katika Lamu, Garissa na Mandera, na mwishoni mwa mwaka 2024 askari wa serikali ya Somalia na wa Jubaland walipigana tena, safari hii Ras Kamboni kwenyewe, umbali mfupi tu kutoka Kiunga. Kinachohitajika ni makubaliano ya kubadilishana habari za kiusalama yatakayoendelea kufanya kazi hata mabalozi wanaporudishwa, ili ugomvi juu ya bahari au juu ya Jubaland usiwe sababu ya mashua kupita bila kuonekana.

Na kwa upande wa nyumbani, lipo jambo ambalo halihitaji ridhaa ya Mogadishu hata kidogo. Februari 2007 Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa unaowalinda watu wote dhidi ya kutoweshwa kwa nguvu, na miaka zaidi ya 15 baada ya saini hiyo mkataba huo ulikuwa bado haujaridhiwa. Wabunge wa Kilifi, wa Malindi na wa Magarini, na wenzao wa pwani nzima, wanapaswa kuudai mkataba huo Bungeni na kuzidai familia zilizopotelewa majibu yake, kwa sababu hakuna familia itakayotoa habari kwa dola isiyotaka kuieleza ilipo maiti ya mwanawe.